Uchambuzi wa kisa: Kizimba cha kwanza cha nyoka wa nyumba katika baridi ya Lubumbashi

Usuli

Mwenye nyoka, tutakayemwita M., ni kijana fundi simu. Anaishi Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika lupango (ua lenye nyumba) la familia pamoja na mama yake, kambo (babu) yake na wadogo wawili. Chumba chake kina kuta za matofali na paa la mabati lisilo na dari. Jina, komini (sehemu ya mji) na kila kitu kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa.

Katikati ya Mei jirani aliyekuwa akipanga upya magunia ya mahindi alikuta nyoka mwembamba wa kahawia nyuma ya stoo. Fimbo zilikuwa zimeshainuliwa. M. alimfunika kwa ndoo, akatuma picha kwa mfugaji mwenye uzoefu (huyo ndiye mshauri katika kisa hiki), akaomba kumweka. Hakuwa amewahi kufuga nyoka.

Jambo la kujua kuhusu mahali: mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na anayedhani kwamba Kongo yote ni joto na unyevu hajalala Lubumbashi mwezi wa Juni. Usiku wa Juni na Julai halijoto ya nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10, hewa ni kavu, vumbi jekundu linaingia kila mahali. Oktoba, kabla mvua hazijakaa vizuri, mchana hupita nyuzi 30 bila shida. Kizimba cha nyoka hapa kinapaswa kustahimili misimu hiyo yote miwili, na umeme unaokatika katikati.

Upande wa sheria haukurukwa. Kongo ina Sheria Na. 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa asili, na mnyama wa porini si kuku. M. aliiandikia barua ofisi ya mazingira ya mkoa akaomba ruhusa kabla ya kununua mbao. Angekuwa chatu, mshauri angekataa papo hapo: jamii yote ya chatu imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na chatu wa huku hukua kuliko chumba cha mtu.

Kumtambua nyoka kabla ya kupima mbao

Picha ya kwanza haikutosha. Mshauri aliomba nyingine tatu: kichwa kutoka juu, kichwa kutoka ubavuni, na ncha ya mkia, zote zikipigwa kupitia chupa ya plastiki inayoona ndani, bila mkono kumgusa.

Nyoka wa nyumba wa jenasi Boaedon ana kichwa kinachotofautiana wazi na shingo, mboni ya jicho iliyosimama wima, magamba laini yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na mistari miwili myeupe-njano kila upande wa kichwa: mmoja unapita juu ya jicho kutoka puani, mwingine unashuka kutoka jichoni hadi pembe ya mdomo. Mistari hiyo ilionekana yote. Hana sumu.

Sababu ya ukali huu ni nyoka wa jenasi Atractaspis, ambao Katanga, eneo la Lubumbashi, wapo na huchanganywa na nyoka wasio na madhara kila mara. Ni weusi au kahawia iliyoiva, macho madogo kama ncha ya sindano, kichwa na shingo ni kitu kimoja, na mkia mfupi unaishia na kijimwiba. Ukimsogelea hukunja shingo na kubonyeza pua chini. Meno yake hutoka ubavuni mwa mdomo hata kama mdomo umefungwa, kwa hiyo kumshika nyuma ya kichwa, mbinu ambayo vijana wanaiamini, ndiko kuumwa kwenyewe. Dawa ya sumu inayofaa dhidi yake hakuna, na watu wamepoteza vidole. Asiyeweza kuona mistari ya kichwa na mboni wima asiendelee na hatua nyingine yoyote.

Nyoka wa M. alipimwa kwenye mizani ya jikoni: gramu 42, urefu wa sentimita 48 hivi. Wa jenasi hii kwa kawaida huishia kati ya sentimita 60 na 90, majike wakizidi. Kwa mkubwa wa namna hiyo, sanduku la sentimita 90 kwa 45 linatosha maisha yote.

Mfuatano wa mambo

Sanduku la kwanza

Seremala wa mtaa alilitengeneza kwa siku mbili, kwa mchoro wa M. mwenyewe: tripleksi (plaiwudi), sentimita 90 kwa 45 kwa 45, kioo mbele, na juu pote wavu wa chuma uliopigwa agrafu (pini za kubana). Ndani aliweka ampule (balbu) ya wati 60 iliyoning'inia bila kinga, takataka za randa kutoka kwa seremala huyohuyo, gogo moja la kujifichia katikati, na bakuli la maji chini ya ampule. Vernis (rangi ya kung'arisha mbao) ilikuwa na siku moja tu nyoka alipoingizwa. Kipimajoto cha mshale kilibandikwa ukutani, sentimita 35 juu ya sakafu, na kilisoma nyuzi 28. M. aliridhika.

Mshauri alipofika na kipimajoto cha miale, saa nane mchana, alipata namba nyingine kabisa. Chini ya ampule sakafu ilikuwa nyuzi 44. Kwenye pembe ya mbali ilikuwa 19. Nyoka alikuwa amejibana kwenye pembe hiyo, kati ya kioo na ubao, mahali pekee palipokuwa na giza bila kumchoma. Kipimajoto cha ukutani hakikuwa kibovu. Kilipima hewa ya mahali ambapo hakuna nyoka anayelala.

Takataka za randa ziliondolewa siku hiyo. Zilikuwa mchanganyiko wa mbao zisizojulikana, nyingine zikinuka utomvu, na vumbi lake huingia puani na chini ya magamba. Zaidi ya hayo, nyoka aliyetoka porini anahitaji karatasi tupu kwa siku 30 za mwanzo, ili kinyesi chake kionekane, na utitiri, vidoti vyeusi vinavyozama kwenye bakuli la maji, uonekane pia. Hakuwa na utitiri. Kupe mmoja alitolewa chini ya gamba la shingo kwa kibano.

Ampule ilibaki. Huo ulikuwa uamuzi wa kungoja: zulia la joto (mkeka wa umeme unaopasha) na termosta (kifaa kinachowasha na kuzima joto kwa kipimo kilichowekwa) vilikuwa vimeagizwa kwa wafanyabiashara wanaopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bila ampule kusingekuwa na joto lolote. Ilizungushiwa kikapu cha waya na kupandishwa hadi juu.

Mlo uliorudi

Siku ya sita M. alimpa panya mweupe mdogo aliyeuawa tayari, mnene kama sehemu pana ya mwili wa nyoka. Alimmeza bila kusita. Usiku huohuo umeme wa mtaa ulikatika saa tatu na haukurudi hadi asubuhi. Kwa kuwa juu palikuwa wavu mtupu, joto lote lilipanda na kwenda. Saa kumi na moja alfajiri kila pembe ya sanduku ilikuwa nyuzi 14 na nusu, chumba chenyewe 14.

Siku ya tatu panya alirudi, nusu amesagwa, akinuka.

Nyoka hasagi chakula kwa joto lake mwenyewe, hana. Tumbo likipoa, mlo unaoza kabla haujasagwa, na mwili unautupa nje. Nyoka wa nyumba wa huku anaijua baridi, na usiku wa nyuzi 16 au 17 tumbo likiwa tupu haumdhuru. Porini, akiwa ameshiba, angeshuka kwenye shimo ambalo joto lake halibadiliki sana. Ndani ya tripleksi hakuwa na pa kushuka.

M. alitaka kumlisha tena kesho yake, akihofia kwamba atakufa njaa. Mshauri alikataa. Kutapika kunatoa asidi ya tumbo na kukwaruza koo. Mlo mwingine mapema hurudi vilevile, na mara ya pili nyoka hudhoofika kweli. Maji safi, kutomgusa, siku 12 bila chakula, kisha mlo wa nusu ya ule wa kwanza.

Usiku wa pili wa kukatika umeme, mdogo wake M. aliingiza mbabula, jiko la makala (makaa), chumbani ili nyoka apate joto. Mama aliitoa, na alifanya vema. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ingemuua kijana kitandani pamoja na nyoka sandukuni.

Kutoroka

Mwishoni mwa Juni sanduku lilikutwa tupu. Agrafu zilikuwa zimepigwa kila sentimita 10, na pembe moja ya wavu ilikuwa imeinuka kiasi cha kidole kimoja. Kichwa cha nyoka huyu kilikuwa na upana wa chini ya sentimita 1. Kanuni ni hiyo tu: kichwa kikipita, mwili wote unapita.

Utafutaji ulipangwa hivi. Mlango ulizibwa chini kwa kitambaa kilichokunjwa kabla ya kitu chochote kusogezwa. Unga wa mahindi ulinyunyizwa mstari mwembamba mlangoni na kando ya kuta. Hakuna aliyepekua mchana. Nyoka wa nyumba hutembea usiku, kwa hiyo M. aliingia na tochi kati ya saa mbili na saa nne. Usiku wa pili unga ulionyesha alama ya mkunjo karibu na meza ya kazi, na nyoka alikuwa nyuma ya regulateri ya volti (ya kusawazisha umeme), kifaa pekee chumbani kilichokuwa na uvuguvugu.

Kambo alikuwa ameshasikia. Neno lake lilikuwa fupi: "Atalala na kadenasi, ao atatoka mu lupango." Familia ilikaa, na masharti manne yakakubaliwa: kadenasi (kufuli) kwenye kizimba, ufunguo mmoja kwa M. na mwingine kwa mama, watoto wasifungue hata M. akiwapo, na panya wasiingie kwenye konjelateri (friza) ya chakula. Sharti la mwisho halikuwa na hasara. Umeme ukikatika mara kwa mara, panya wa konjelateri huyeyuka na kuganda tena, na nyama hiyo haifai. M. alianza kufuga panya weupe, dume moja na majike mawili, katika chumba kingine, kwa kuwa harufu yao humfanya nyoka ashinde akizunguka kwenye kioo.

Panya wa mtaani walikatazwa kabisa. Sumu ya panya inauzwa kila soko, na panya aliyekula sumu jana bado anatembea leo.

Plastiki ya muda

Wakati kizimba kipya kinajengwa, nyoka alihamishiwa kwenye boksi la plastiki la lita 30 lenye mfuniko wa kubana. Matundu 40 ya milimita 3 yalitobolewa kwa msumari wa moto, kutoka ndani kwenda nje ili makali ya plastiki yasimkwaruze. Karatasi ya jikoni chini, vijificho viwili vilivyofanana (katoni ndogo, kimoja kila upande), kikombe kizito cha maji upande wa baridi. Zulia la joto lilikuwa limefika: liliwekwa chini ya theluthi moja ya boksi, nje, likiwa na termosta, na boksi likainuliwa kwa vipande vya milimita 5 ili joto lisinaswe.

Hapo ndipo alipokula mlo mdogo na kuuhifadhi tumboni. Hapo pia ndipo M. alipoona kwa macho yake kwamba nyoka hakuhitaji kioo cha kutazamwa. Alihitaji kificho kinachomgusa mgongo, upande wa moto na upande wa baridi.

Kizimba cha pili

Vipimo vya nje vilikaribia vya kwanza, 90 kwa 45 kwa 40, lakini kila kitu kingine kilibadilika.

Juu ni tripleksi nzima ya milimita 15. Hewa inaingia kwa matundu 6 ya milimita 20 yaliyo chini upande wa baridi na kutoka kwa mengine 6 yaliyo juu upande wa moto, yote yakiwa na wavu wenye macho ya milimita 2, uliofungwa kutoka ndani kwa skrubu na washa (pete za kubania). Agrafu hazikutumika popote. Viungo vyote vya ndani vilizibwa kwa silikoni, vernis ya maji ikapakwa mara 3, na kizimba kikaachwa wazi wiki mbili mpaka pua ikiingizwa ndani isisikie kitu.

Vioo ni viwili vya milimita 4, vinavyoteleza kwenye mifereji ya mbao ya upana wa milimita 5. Mfereji wa chini una kina cha milimita 5 na wa juu milimita 12, ili kioo kiinuliwe kwanza kisha kishushwe. Mafundi wengi huchimba mifereji sawa na kioo hakiingii tena. Vioo viwili vinapopishana hubaki mwanya wa milimita 3 au 4. Kwa nyoka mkubwa si kitu. Kwa nyoka mchanga ni mlango, kwa hiyo ukanda wa mpira mwangavu uligandishwa kwenye ukingo wa kioo cha nyuma. Tundu la waya lilizibwa kwa silikoni baada ya waya kupita.

Joto ndilo lililoleta mjadala. M. alitaka kubandika zulia chini ya kizimba kwa nje, kama kwenye plastiki. Haifai: ubao wa milimita 15 huzuia joto lisipande, zulia linazidi kuchemka mahali lisipoonekana, na mbao hukauka hadi kuungua. Zulia, wati 20 na sentimita 28 kwa 28, likawekwa ndani, likiwa limelala juu ya karo (kigae) jembamba. Karo jingine la 30 kwa 30 liliwekwa juu yake, likisimama kwenye vipande vidogo vya milimita 3, na ukingo wote ukazibwa ili nyoka asipenye wala mkojo usifike.

Termosta ni ya kidijitali ya volti 220, aina ya STC-1000, yenye skrubu za waya zilizo wazi nyuma. Ilifungwa ndani ya boksi la plastiki, mbali na maji na vidole vya watoto. Kihisi chake kilibandikwa juu ya zulia, chini ya karo, mahali nyoka hawezi kukisogeza. Ili uso wa karo uwe nyuzi 31, termosta ilibidi isomeke 35. Tofauti hiyo si kosa la chombo, ni unene wa karo, na kila kizimba kina yake. Hupatikana kwa kupima uso wenyewe, hainakiliwi kutoka kwa jirani.

Mwisho, frigoliti, ile nyeupe inayofungia televisheni mpya, ya sentimita 3, iligandishwa kwa nje mgongoni, ubavuni na juu, bila kufunika matundu wala kukaribia waya.

Siku saba za kizimba kitupu

Nyoka akiwa bado kwenye plastiki, kizimba kiliwashwa na kuendeshwa bila nyoka ndani. Sehemu hii ndiyo iliyofundisha zaidi.

Usiku wa kwanza, bila frigoliti, chumba kikiwa nyuzi 14, karo lilishika 31 lakini upande wa baridi ulikuwa 17 na nusu. Frigoliti ilipowekwa, chumba kikiwa vilevile, upande wa baridi ulipanda hadi 21. Zulia lilikuwa likiwaka karibu muda wote.

Jioni ya tatu karo halikufika 28, na M. akadhani termosta imekufa. Multimita yake (kipima umeme) ilieleza: kwenye prizi (soketi) palikuwa na volti 165, saa ambayo mtaa mzima unapika. Nguvu ya kifaa cha joto hufuata volti zidisha kwa volti. Volti 165 badala ya 220 ni robo tatu, na robo tatu ya robo tatu ni asilimia 56. Zulia la wati 20 lilikuwa limegeuka zulia la wati 11. Lilihamishiwa kwenye regulateri.

Siku ya tano mshauri aliomba kihisi king'olewe makusudi, kiachwe kwenye hewa ya chumba, kama ambavyo gundi ikiachia kitafanya chenyewe. Baada ya saa mbili karo lilikuwa nyuzi 43. Nyoka hapimi vizuri joto linalotoka chini yake. Anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza tumbo asiondoke. Kwa hiyo termosta ya pili iliunganishwa kwa mfululizo na ya kwanza, kihisi chake kikiwa juu ya karo ndani ya kificho, ikate umeme kwenye nyuzi 35. Moja ikikosea, nyingine inafunga.

Usiku wa sita umeme ulizimwa kwa mkono kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Bila msaada, upande wa moto uliishia 16. Hesabu ya betri ikafanywa. Zulia katika usiku wa baridi hula wastani wa wati 16. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, inapoteza kama asilimia 15, hivyo 19, na yenyewe inakula 8 hata ikiwa haina kazi: jumla wati 27. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na isitolewe zaidi ya nusu, yaani 300. Hiyo ni saa 11. M. tayari alikuwa na betri ya namna hiyo kwa kazi ya simu.

Kwa asiye na betri, chupa zinatosha. Lita 1.5 ya maji ya nyuzi 50 ikipoa hadi 25 inatoa wati-saa 44 hivi, karibu saa tatu za kazi ya zulia. Chupa mbili zilizofungwa kwa kitambaa, kuwekwa upande wa moto na kubadilishwa usiku wa manane, zilimaliza usiku wa saba kwenye nyuzi 20. Maji yasichemke: plastiki hulegea, na chupa ikipasuka inamloweka nyoka katika baridi.

Matokeo

Nyoka aliingia mwanzoni mwa Agosti akiwa gramu 39. Wiki mbili hakushikwa. Alikula kila siku ya 8 hadi 10, hakuna mlo uliorudi, na M. alianza kumshika baada ya mlo wa tatu, kila mara saa 48 zikiwa zimepita tangu ale. Mwisho wa Novemba alikuwa gramu 61.

Ngozi ya kwanza, Agosti, ilitoka vipandevipande kwa sababu ya ukavu wa hewa. Haikuvutwa. Kificho cha tatu kiliwekwa, boksi dogo la plastiki lenye tundu la sentimita 3 na karatasi iliyolowa ndani, kikiwa katikati ya kizimba, na ngozi iliyofuata ilitoka nzima, na vifuniko vya macho vikiwemo. Kizimba kizima hakikunyunyiziwa maji. Sakafu yenye unyevu siku nzima huleta vidonda vya tumbo.

Oktoba haikwenda vizuri. Saa tisa alasiri chumba kilifika nyuzi 35, upande wa baridi wa kizimba 34, na nyoka akashinda amelala kwenye bakuli la maji. Termosta huzima joto, haileti baridi. Frigoliti ya juu na ya ubavuni ilitolewa, kizimba kikasogezwa kutoka ukuta wa magharibi unaopigwa na jua, na chupa ya maji yaliyogandishwa ikafungwa kitambaa na kuwekwa upande wa baridi kila mchana hadi mvua zilipotulia.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine ni mpangilio: nyoka alifika kabla ya joto. Kila uamuzi wa Mei na Juni ulikuwa wa kuziba pengo, na ampule ya wati 60 ilibaki kwa sababu hiyo tu, ingawa wote wawili walijua haifai. Kama boksi la plastiki lingetumika tangu siku ya kwanza, na chupa za maji moto wakati wa kungoja zulia, mlo usingerudi na nyoka asingetoroka. Tunaona kwamba kwa nyoka wa kwanza wa saizi hii boksi la lita 30 si la muda hata kidogo. Linaweza kumtunza miezi mingi huku kizimba kikijengwa bila haraka. Sanduku la kwanza lilichorwa kwa ajili ya macho ya wageni.

Wavu wa juu ni mtindo wa nchi ambako chumba kina joto la kudumu. Chini ya mabati mwezi wa Juni ni dirisha lililoachwa wazi.

Uamuzi wa kutomlisha kwa siku 12 ulikuwa sahihi, japo ulikuwa mgumu kwa M. kuliko gharama yoyote. Wafugaji wengi wapya hupoteza nyoka hapo, kwa huruma. Kupima kinyesi kulicheleweshwa bila sababu nzuri; mji una kitivo cha tiba ya wanyama chuo kikuu, na nyoka wa porini aliyetapika ni wa kuulizia daktari wa mifugo wiki hiyohiyo, kwa kuwa baridi na minyoo hutoa dalili moja.

Mkutano wa familia ulipaswa kufanyika Mei. Masharti ya kambo yaliboresha kizimba kuliko ushauri mwingi wa kitaalamu: bila sharti la kadenasi, M. angeweka vioo vya kuteleza visivyofungwa, ambavyo nyoka hujifunza kuvisukuma kwa pua.

Jaribio la kung'oa kihisi lilichukua saa mbili na ndilo lililoonyesha hatari kubwa iliyobaki. Ni jambo la ajabu jinsi linavyofanywa mara chache. Kuhusu volti, M. alikuwa na bahati ya kumiliki multimita. Asiye nayo na atazame ampule ya zamani ya chumba: ikiwa inawaka nyekundu jioni, zulia lake pia limepungua.

Kasoro ya Oktoba bado haijatatuliwa. Frigoliti iliyogandishwa kwa gundi ilichanika ilipotolewa. Safari hii imekatwa upya na itashikwa kwa mikanda ya mpira, ipachikwe Mei na kutolewa Septemba. Kilichobaki ni dari. M. ameshapima chumba, na mbao zake anataka ziwe zimepigwa kabla ya jua la Oktoba ijayo; hadi hapo, milo ya wiki za joto kali itakuwa midogo na italiwa jioni tu.